Mashine Tatu na Mita Moja

Nyumba tunayokaa hapa Mji Mkongwe ni wakfu. Babu yangu aliiweka kwa wanawake wa ukoo wake wasio na pahali, na sharti lake tunalijua kwa moyo tangu udogoni: anayekaa asimdhuru anayekaa naye. Alipofariki kaka yangu mkubwa, usimamizi ulinifikia mimi. Sikuuomba. Namshukuru Mwenyezi Mungu kwamba si kazi nzito. Chokaa ikibambuka namwita fundi, wakigombana nawasikiliza. Muda unaobaki nashona kofia, na asubuhi wanawake wachache kutoka Kikwajuni huja kunisomea, kwani nimesomesha chuo cha Kurani tangu ujana wangu na sijajua namna ya kuacha.

Juu nakaa mimi na wifi yangu, mjane wa huyo kaka. Chini kuna chumba kimoja kikubwa kilichokuwa ghala la karafuu, na hata leo mvua ikinyesha kuta zake hutoa harufu hiyo. Chumba hicho nilimpa binti wa mdogo wangu wa kiume. Alikuwa ametoka katika ndoa yake, na Kidichi kwa baba yake hakutaka kurudi. Kule umeme hukatika mara kwa mara, na kila mgeni anayeingia angemuuliza habari za mume. Alikuja na begi moja la nguo na kompyuta tatu. Moja ni laptopu aliyoinunua mwenyewe alipokuwa akisomesha skuli. Ya pili ni ya mezani, kuukuu, iliyotupwa na ofisi fulani akaiokota. Ya tatu ni nyembamba, ya rangi ya fedha, aliyoletewa na binamu yake anayeishi Maskati.

Kazi yake niliielewa pole pole. Kuna sarafu ambazo hazishikwi mkononi, zipo mtandaoni tu. Hesabu zake hutunzwa na kompyuta za watu wengi duniani, na kompyuta inayosaidia kuzikokotoa hulipwa chembe ya sarafu hiyo. Hilo ndilo wanaloliita kuchimba. Programu ya kuchimbia ni ya bure, na maandishi yake yamewekwa wazi. Yeyote anaweza kuyasoma, kuyatengeneza na kuyagawa, ila asiwafungie wengine alichofunguliwa yeye. Nilimwambia hiyo ni kama wakfu. Akacheka, akasema ndiyo, isipokuwa huyu mweka wakfu yu hai na anajibu barua.

Maandishi hayo kompyuta haiyaelewi yalivyo. Lazima kwanza yajengwe, yaani yageuzwe kuwa programu ambayo mashine ile inaweza kuiendesha, na kila aina ya mashine ina ujenzi wake. Yeye alitaka ijengeke kwenye zote tatu, kisha zichimbe, apate riziki bila ya kumwomba mtu.

Nyumba nzima ina mita moja ya umeme wa kununua. Tunachanga, na wifi ndiye anayekwenda kuununua. Siku moja ya Shaaban alikwenda kwenye hitma, akarudi akakuta umeme umekwisha kabla ya siku zake. Barafu za ukwaju anazowauzia watoto wa mtaa zilikuwa zimeyeyuka zote ndani ya friza, na maji yake yametambaa mpaka mlangoni. Chini, tangu asubuhi, feni za kompyuta zilikuwa zikivuma, kwani laptopu ilikuwa ikichimba kwa programu ya zamani huku nyingine mbili zikijaribiwa.

Wifi alinijia na kanga yake ya hitma bado mwilini. "Pesa zake sijaziona," akaniambia. "Joto lake nnaliona. Nnalikanyaga kwa nyayo zangu kila siku ya Mungu."

Alisema ile ni kamari, na nyumba ya wakfu si pahali pa kamari, na akataka chumba kitolewe watu. Kwa sharti la babu alikuwa na haki ya kushitaki. Nilimwambia nitatoa neno langu Mfungo Mosi, Idi ikishapita, na kabla ya hapo hakuna kompyuta itakayowashwa kwa kazi ile isipokuwa nikiwepo. Kisha nikateremka kumweleza binti.

"Na ukisema nitoke, Shangazi?"

"Utakwenda Kidichi."

Aliitazama laptopu iliyozimwa, akaifunga.

Habari ya sarafu zenyewe nilimuuliza sheikh mmoja ninayemwamini. Alinieleza kwamba wanazuoni wamehitalifiana. Wapo wanaokataza kwa kuwa thamani yake haitulii na mtu huingia asichokijua, na wapo wanaoruhusu kwa masharti. Alizungumza kwa urefu, nami nikamsikiliza kwa adabu. Mwisho akaniuliza mimi nimeulizwa nini hasa. Nikamwambia nimeulizwa chumba. Basi akasema nihukumu chumba.

Ramadhani ikaingia. Kila nikishaswali Adhuhuri nilikuwa nikiteremka na kofia yangu, nakaa kwenye mkeka karibu na mlango ambako kuna mwanga wa kushonea, naye anafanya kazi. Niliyaona mengi ambayo sikutarajia kuyaona katika umri wangu.

Alianza na laptopu, kwa toleo jipya la programu. Ikakataa. Mistari ilijaa kwenye kioo, naye akawa anahangaika na ile ya mwisho, kwa kuwa ndiyo iliyobaki mbele ya macho yake. Nilimwambia anisomee kwa sauti tangu juu. Haikuwa busara, ilikuwa mazoea tu. Siwezi kumsikiliza mtu anayeanzia mwisho. Akasoma mstari wa kwanza, akasita, akaurudia. Ulisema kuna kipande ambacho programu ile inakitegemea nacho hakikupatikana. Kipande chenyewe kilikuwemo. Kilichokosekana ni maelezo ya kujengea juu yake, ambayo huwekwa katika kifurushi kingine. Akakishusha kifurushi hicho kutoka mtandaoni, akaanza upya, ikajengeka. Mistari mingine yote iliyokuwa ikilalamika ikanyamaza, maana ilikuwa ikilalamikia jambo lile lile moja. Akanishukuru kama kwamba nimefanya jambo. Siku mbili zilizofuata nilimsikiliza vile vile tangu juu mpaka chini na haikusaidia hata kidogo.

Siku hizo mbili zilikuwa za ile ya rangi ya fedha. Ubongo wake, alivyonieleza, ni wa kabila jingine, na katika maandishi ya programu mlikuwa na amri ambazo kabila lile halizijui. Hapa hapakuwa na kifurushi cha kuongeza. Ilibidi aingie ndani ya maandishi yenyewe, aweke pale penye amri njia mbili, kila mashine ipite iliyo yake. Ilipojengeka, aliwapelekea wenye programu mistari yake michache. Alijibiwa na mtu wa nchi ya baridi ambaye hatumjui, kwa adabu nzuri, akimsahihisha pahali pawili. Akatengeneza, akapeleka tena, wakaipokea. Alinigeuzia kioo nione, ingawa hapakuwa na cha kuona isipokuwa maandishi ya kijani.

"Yamo humo sasa," akasema. "Atakayejenga popote anajenga na yangu."

Nikasema al-hamdulillahi, nayo ilinitoka moyoni.

Ikabaki ile kuukuu ya mezani, nayo ndiyo iliyotuchosha. Kwanza alijaribu njia ya mkato. Mfumo wake ni mwingine, ule uliozoeleka maofisini, basi akaijengea programu ndani ya laptopu, kisha akaihamishia huku. Akaiwasha, ikazima papo hapo bila ya kusema kosa lake. Akaiwasha tena, ikazima tena. Akaitazama kofia iliyokuwa mapajani mwangu, akaanza kucheka peke yake.

"Nimeishonea kichwa changu, Shangazi, nikamvika mzee."

Alikuwa ameiamuru laptopu ijenge kwa kipimo chake yenyewe, itumie kila inachokiweza, na mashine kuukuu haiwezi yote yanayowezwa na mpya. Kofia ya kichwa kimoja hairekebishiki ikishafungwa pindo, nalijua hilo vizuri. Ikawa lazima ijengwe upya ndani ya kuukuu yenyewe, kwa kipimo chake.

Mashine ile ni nzito ya mambo. Alianza Adhuhuri, na mpaka Alasiri imeadhiniwa mistari ilikuwa bado inapita mmoja mmoja. Nilikwenda kuswali, nikarudi. Wifi naye akateremka kuchukua makaa chini ya ngazi, akasimama mlangoni na kikapu chake kutazama. Ndipo mashine ikaandika kwamba ujenzi umekamilika. Binti akafungua pahali programu ilipowekwa, na pahali pale palikuwa patupu. Akatafuta huku na huku. Ilikuwapo, na sasa haipo.

Wifi alielezwa kilichotokea, akaridhika nacho sana.

"Kumbe hata kompyuta imefunga," akasema. "Imeitapika haramu mchana wa Ramadhani."

Sote tulicheka, mimi pia, na Mungu anisamehe. Hata moyoni nikahisi jambo lenyewe limejihukumu.

"Si haramu, Mama Mkubwa," binti akasema. "Ni antivairasi. Ni mlinzi wa kompyuta. Ameidhania ya mwizi, akaifuta."

Wifi akauliza mwizi gani. Binti alikuwa bado ameinamia kioo, akajibu kama anavyojibu mwalimu aliyeulizwa swali jepesi.

"Wapo watu wanaoipachika programu hii kwenye kompyuta za wenzao bila ya kuwaambia. Umeme wa mwenzako, joto la mwenzako, sarafu zako wewe. Sasa mlinzi hawezi kumjua aliyeruhusiwa na…"

Mkono wake ulibaki juu ya kipanya. Wifi alikiinua kikapu cha makaa, akapanda ngazi. Mimi niliendelea kushona. Nilikuwa na la kusema, lakini mtu anapokuwa katikati ya kuliona jambo mwenyewe, anayesema anamkatiza.

Binti alizizima zote tatu, akazifunika kwa kanga.

Siku ya pili yake, kabla ya Magharibi, wifi alikuwa jikoni akikaanga sambusa na mimi nikikoroga uji. Binti akaja akasimama kizingitini.

"Mama Mkubwa, nimekuja kukuomba radhi. Chumba nilimwomba Shangazi. Umeme sikumwomba mtu. Nimetumia wako bila ya idhini yako."

Wifi alizigeuza sambusa zake, moja baada ya moja, mpaka zikaisha.

"Na barafu?"

"Na barafu."

"Barafu nilisamehe siku ile ile. Nilisahau kuitia sukari, ningemuuzia nani?"

Alizungumza tena baada ya kuzitoa sambusa kwenye mafuta. Alimuuliza kama anaweza kujenga tu bila ya kuchimba. Binti akasema kujenga anaweza, nao umeme wake ni mdogo, lakini programu isiyowashwa haijulikani kama imejengeka sawa. Lazima ijaribiwe kidogo. Na akasema ukweli kwamba bila ya kuchimba hajui atakula nini.

"Utakula hizi," wifi akasema, akamsogezea sahani. "Jenga zako. Ukitaka kujaribu, niambie kabla. Kuchimba, kachimbe kwa babako Kidichi, kule kuna mihogo."

Adhana ikapigwa, tukafuturu.

Mfungo Mosi ulipoingia hakuna aliyekuja kuniuliza neno langu, kwa kuwa mshitaki alikuwa ameondoa kesi yake. Nilikuwa nimekwisha elekea kusema atoke. Niliona sharti la babu liko wazi na barafu ilikuwa dhara la kuonekana kwa macho. Mwenyezi Mungu aliniepusha na hukumu hiyo kwa kuwapatanisha kabla sijafungua mdomo, nami nimemshukuru kwa hilo mara nyingi.

Kuchimba aliacha. Ile kuukuu alikuja akaimaliza: alimtengea mlinzi wake pahali asipopagusa, akaijenga tena tangu mwanzo, na safari hii ikabaki. Aliwaandikia wenye programu kwamba inakwenda kwenye mashine ya umri ule. Kumbe wao hawana iliyozeeka kiasi hicho, kila mmoja wao alishatupa yake. Tangu wakati huo, kabla hawajatoa toleo jipya, humpelekea yeye kwanza alijenge kwenye zile tatu na kuwaambia linapokwama, na kwa kazi hiyo humpa kitu kila mwezi. Ni kiasi gani sijauliza. Sehemu yake ya mchango wa umeme huitoa yeye wa kwanza.

Leo tena toleo limekuja. Ninayaandika haya nikiwa juu, na nimeisikia kuukuu ikivuma tangu asubuhi kwa ujenzi, pole pole kama kawaida yake. Sasa hivi amemaliza. Ametoka mpaka chini ya ngazi.

"Mama Mkubwa, nnawasha."

"Naam," wifi amejibu kutoka jikoni. Nimesikia akiusukuma mlango wa friza yake kwa goti mpaka ukafunga, ndipo akamwambia awashe.