Kadi Niliyotunziwa na Bibi

Jumapili moja baada ya misa nilikuwa nimekaa uani kwangu Buhongwa napembua dagaa, binti yangu akanijia na simu mkononi. "Mama, huyu si anko wa Dar?" Nikafuta mikono kwenye khanga, nikatazama. Alikuwa ndiye. Binamu yangu, mtoto wa mjomba, kanenepa, kapendeza, kashika kadi ndogo iliyofungiwa ndani ya kiboksi cha plastiki kigumu. Kwenye video hiyo alikuwa anaeleza kwamba huko Ulaya kuna watu wazima wanakusanya kadi za watoto za zamani, na kwamba hii yake ni ya zile zilizochapwa chache, na mtu kaitolea bei. Bei yenyewe, rafiki yangu, inanunua kiwanja Kiseke na matofali ya kuanzia msingi.

Hiyo bei niliisikia kwa mbali tu. Macho yangu yalikuwa kwenye kona ya chini ya ile kadi, kushoto, palipokuwa na alama ya kahawia na karatasi imejikunja. "Isingekuwa hii alama ningepata mara mbili," binamu akasema huku akicheka. Kisha akaongeza, kwa ile sauti ya mtu anayejua anatazamwa na wengi: "Nilitunzwa na bibi yangu siku ya kipaimara changu."

Ile alama niliiweka mimi, kwa pasi ya mkaa, nikiwa na miaka kumi. Na ile kadi ilikuwa yangu. Bibi alikuwa ananitunzia.

Ngoja nikupeleke Igoma ya wakati ule, usije ukadhani nimerukwa na akili kwa ajili ya kipande cha karatasi. Bibi, mama yake mama, ndiye aliyenilea. Alikuwa akiuza mitumba ya watoto sokoni, na siku ya kufungua belo ilikuwa sikukuu ya nyumba yetu. Lile furushi lilifika limebanwa kwa mikanda ya plastiki, gumu kama jiwe, na bibi alipokata mkanda wa kwanza nguo zilifumuka zenyewe. Harufu ya belo huijui kama hukukulia nayo: vumbi, dawa, na ubaridi fulani wa mbali ambao sisi tuliamini ndiyo harufu yenyewe ya Ulaya. Tulichambua, tukafua zilizochafuka, tukaanika juu ya mawe makubwa nyuma ya nyumba. Zikikauka, mimi nilipiga pasi na bibi alikunja. Chakula siku hiyo kilikuwa cha haraka, michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga, au mapanki ya kukaanga, mifupa ya sangara iliyobaki kiwandani, na ugali wa udaga wa muhogo, tukila huku tumekaa katikati ya makoti ya watoto wasiotujua.

Sasa, kazi yangu kubwa ilikuwa kusachi mifuko. Kila nguo kabla ya pasi ilipaswa kusachiwa, na sheria ya bibi ilikuwa moja: hela ikipatikana ni ya belo lijalo, kitu kingine chochote ni cha aliyekisachi. Nilipata vifungo, penseli fupi, tiketi, pipi zilizoyeyuka zikashikana na kitambaa. Na nilipata kadi. Watoto wa huko walikuwa na kadi zenye picha za wanyama wa kubuni, na mama zao, nadhani, walitoa nguo bila kuangalia mifukoni. Zikavuka bahari, zikaja kuishia kwangu. Watoto wote wa wauza mitumba walikuwa nazo, na tulibadilishana, tulizipiga chini kuzipindua, tuligombana, tulinuniana wiki nzima. Bibi aliziita kalata, maana ulimi wake wa Kisukuma haukuwa na haja na ile herufi nyingine, na alizichukia kidogo kwa kudhani ni kamari.

Kadi ya kung'aa niliipata kwa uzembe. Nilikuwa nimechoka, nikaweka pasi juu ya mfuko wa jaketi jekundu bila kusachi. Nikanusa karatasi inaungua. Nilipotia mkono nilitoa kadi ya moto, kona imebabuka, lakini picha yake nzima: mnyama mwenye mabawa ya ndege na mwili wa samaki, na ukiigeuza juani rangi zinakimbia kutoka kichwani hadi mkiani. Hakuna aliyewahi kuona kadi inayong'aa. Sisi tulimwita Sangara Anayeruka. Kwa wiki mbili watoto walikuja hadi kutoka ng'ambo ya barabara ya Musoma, wakapanga foleni mlangoni kwetu, nami niliwaonyesha mmoja mmoja kwa maringo ambayo hata leo yananichekesha. Mtoto wa jirani alitaka kunipa mpira wake wa ngozi, mpira wa kweli wenye mshono. Nikamkatalia. Kisha ikawa likizo, binamu akaja kutoka mjini na viatu vyake na soksi ndefu, akaiona, akaitaka. Naye nikamkatalia. Alilia hadi akakataa kula. Bibi alimtazama, akanitazama mimi.

Binamu alipoondoka, bibi aliniita. "Lete hiyo kalata nikutunzie, mke mwenzangu," akasema. Ndivyo alivyonitania, kama mabibi wote wanavyowatania wajukuu zao wa kike. "Hapa kila mtu ana mkono mrefu. Wataiba." Unajua mwenyewe neno hilo. Kila mtoto wa nchi hii amewahi kupewa noti na mgeni, na kabla mgeni hajafika barabarani mama kashanyoosha mkono: lete nikutunzie. Noti hizo hakuna aliyewahi kuziona tena, nasi tulijua, tulicheka. Lakini bibi hakuwa kama mama za wengine. Mifukoni kwangu hakuwahi kuchukua kitu. Nikampa kwa mikono miwili. Akaitia ndani ya kitabu chake cha nyimbo, kitabu akakitia ndani ya sanduku la bati, ufunguo akaufunga kwenye pindo la khanga. Jumapili nilipomwomba alinifungulia, nikaitazama, nikairudisha mwenyewe.

Kipaimara cha binamu kilikuja baada ya miezi michache. Sherehe ilifanyika kwa mjomba, mjini, nyumba ya sakafu ya vigae ambayo bibi aliingia akitembea kwa ncha za vidole. Palikuwa na pilau, soda kreti kwa kreti, na mshereheshaji mwenye kipaza sauti. Ukafika wakati wa kutunza, wa kumpa mtoto zawadi. Wakwe wa mjomba walipita mbele wakicheza, wamebeba baiskeli, saa ya mkononi, sanduku la nguo. Kisha mshereheshaji akatangaza kwamba bibi mzaa baba anakuja kumtunza mjukuu wake. Bibi akainuka na bahasha ya kaki, akaishika juu ya kichwa, akaanza kucheza taratibu kuelekea mbele. Mimi nilikuwa nyuma yake. Nilikuwa nimebeba pindo la khanga yake lisiburuze, nami nilipiga vigelegele hadi koo likaniwasha. Binamu akachungulia ndani ya bahasha, akaifunga haraka, akaitia mfukoni, akamkumbatia bibi kwa muda mrefu kuliko alivyowakumbatia wenye baiskeli na saa. Nilifurahi, wallahi. Nilifurahi kwamba bibi yangu hakuaibika.

Jumapili iliyofuata nikamwomba kuiona kadi yangu. Alikuwa anachambua mchicha, hakuinua uso. "Niliitunza," akasema. Nikamuuliza kama atanifungulia. Akasema sandukuni ameweka sumu ya panya, nisilisogelee. Baadaye ufunguo ukawa umepotea. Baadaye mimi nikaenda bweni, kidato cha kwanza, na kila likizo niliuliza, kila likizo nikajibiwa lilelile neno. Siku ya harusi yangu nilimwinamia sikioni, nikamuuliza kwa mzaha, na kadi yangu je? Akanipapasa shavu. "Si nilikwambia niliitunza." Sikuuliza tena. Jibu lile lilinitosha.

Nataka uelewe lilinitosha vipi. Nilisoma na watoto waliokuwa na redio, na mabegi mapya, na baba. Waliponicheka kwa sweta yenye jina la shule ya nchi nyingine kifuani, sikulia, kwa sababu nilijua nina kitu ambacho wote walikitaka na hakuna mwingine aliye nacho, na kipo mahali salama kwa mtu anayenipenda. Jeuri yangu yote ya utotoni ilisimama juu ya lile sanduku. Hata ukubwani, mwezi unapokuwa mgumu, nilikuwa nikijisemea, aa, mimi si mtu wa hivihivi, kuna kitu changu kimewekwa. Utacheka. Mimi mwenyewe nilikuwa nikicheka.

Bibi sasa anaishi kwangu. Macho yamepungua nguvu, akili iko palepale. Jumapili ile nilimwachia binti yangu dagaa, nikaingia ndani na simu, nikamkuta ameketi kitandani anajipaka mafuta miguuni. Nikamwekea sauti ya binamu aisikie yote. Alipofika pale aliposema nilitunzwa na bibi yangu, bibi alikuwa tayari ameacha kupaka mafuta.

"Ile ni kadi yangu, bibi," nikamwambia.

"Ndiyo ile."

"Uliniambia umeitunza."

"Sasa nilikudanganya?" akasema. "Niliitunza. Nilimtunza mtoto wa mjomba wako, mbele ya watu wote. Na wewe ulikuwepo."

Kiswahili chake bibi alijifunzia sokoni, na huko nyuma nimewahi kumsahihisha mambo mengi. Ningeweza kujipa moyo kwamba kwake neno ni moja tu, kuweka na kutoa havitofautiani. Lakini bibi ameuza nguo kwa lugha hiyo maisha yake yote, na hakuwahi hata siku moja kuchanganya gauni lililowekewa mteja na gauni lililokwisha kutolewa. Nilimtazama tu. Naye akajua ninamtazama, macho mabovu hivyohivyo.

"Ningekwambia ungelia," akasema baadaye. "Na sikuwa na kitu cha kupeleka, mama. Wakwe wa mjomba wako walishaanza kuulizana mitaani bibi wa Igoma ataleta nini, fulana ya mtumba? Nilitaka mwanangu aone na mimi nimekuja na kitu. Yule mtoto alikuwa mgeni kwangu. Wewe ni wa ndani. Cha mtu wa ndani unachukua, hubishi hodi."

Hapo ndipo moyo uliponiuma. Laiti angesema alimpenda zaidi, ningelia na yangekwisha. Aliniambia kwamba alichukua kwa sababu mimi ni wake, na kwamba kwa kuwa ni wake hakukuwa na haja hata ya kunijulisha. Naielewa ile sakafu ya vigae. Nilikuwepo, niliiona miguu yake. Naelewa kila alichonieleza, na uchungu uko palepale. Alinisikiliza nikiuliza, mwaka hadi mwaka, akanipa neno lenye mlango wa nyuma, akaniacha nijenge maisha juu yake.

Binamu nilimpigia. Akasema hakujua kama nilikuwa bado naikumbuka, akasema atanirushia chochote. Nikamwambia asirushe kitu. Yeye alitunzwa hadharani, hana kosa la kuniomba radhi, ingawa najua yeye naye alijua ni ya nani. Ndiyo maana aliifunga ile bahasha haraka.

Siku hizi nikipita Igoma sipatambui. Yale mawe tuliyoanikia nguo yamepasuliwa kokoto, kiwanja kimejengwa fremu za maduka, wanauza vioo na betri za gari. Belo zinafunguliwa mnadani na wanaume wenye haraka, na nguo zinachambuliwa na kusachiwa hukohuko zinakotoka, mifuko inakuja mitupu. Hayo ningeyavumilia, ndivyo mji unavyokua. Aliyepotea na ninayemlilia ni yule mtoto wa sweta ya shule ya kigeni, aliyeweza kupita katikati ya wanaomcheka akiwa ameinua kidevu. Hakuwa na kitu. Wakati wote ule hakuwa na kitu, na mtu aliyelijua hilo ndiye aliyekuwa akimsuka nywele.

Jioni ya Jumapili ile bibi aliniita tena. "Basi nisamehe, mke mwenzangu," akasema.

Nikamwambia, "Nimesikia, bibi."

Tangu hapo kila asubuhi naingia chumbani kwake, nampa shikamoo, ananiitikia marahaba, halafu anauelekeza uso wake kwangu, anasubiri niseme lingine. Mimi namkalisha vizuri, nampoozea uji, namshikisha kikombe. Hilo lingine bado sina.