Kuruka Tobibako

Harufu ya maranda ya mvule imeingia dirishani leo kutoka kwa seremala jirani, na viganja vyangu vimelowa jasho kama siku zile za shule.

Mwalimu wetu wa mazoezi ya viungo alikuwa Mjapani. Sanduku la kuruka, lililoundwa kwa mbao za mvule, aliliita tobibako, na ubao wa kukanyagia kabla ya kuruka, fumikiriban. Hakuna aliyeyashika majina hayo kama mimi. Nyumbani nilijifunza kwa kuruka gunia la mihogo mikavu.

Zamu yangu ya kuruka ilipofika, nikiwa tayari juu ya ubao, shangazi alikuwa anapita uwanjani akitoka sokoni Busia.

"Wewe msichana! Unakwenda kupanua miguu mbele ya vijana? Nani atakuoa wewe?"

"Sanduku litamwoa!" mvulana mmoja akajibu, wote wakacheka.

Mwalimu, aliyejua Kiswahili kidogo tu, alidhani shangazi ananishangilia. Akapiga makofi. "Ruka, ruka!"

Nikashuka kwenye ubao, nikaenda kumpokea shangazi kikapu.

Wageni walipokuja shuleni kutoka Tororo, nilipewa fimbo ya kuonyeshea vifaa. Tobibako. Fumikiriban. Nilitaja vyote bila kukosea, mwalimu mkuu akanisifu, kisha nikasogea kando ili wavulana waruke.