Chaki Aliishika Nani

Wifi yangu anaandika mabango. Mtaani wanamwita Brashi, jina alilopewa kwa kejeli na mafundi wanaume, naye akalichukua akalifanya saini yake. Kila bango analomaliza, kwenye kona ya chini huandika Brashi kwa herufi ndogo, na mkia wa herufi ya mwisho anauvuta kama anafunga uzi. Kona hiyo ndiyo inayomletea kazi. Mtu akipendezwa na bango la kinyozi anainama, anasoma jina, anauliza kwake ni wapi.

Kiingereza hakijui, na hajawahi kumdanganya mtu kwamba anakijua. Kwa hiyo ana sharti lake: kazi ya Kiingereza, mwenye maneno ayaandike mwenyewe kwa chaki juu ya ubao. Yeye anapitisha rangi palepale, nukta kwa nukta, mkato kwa mkato. Rangi ikikauka anafuta vumbi kwa kitambaa, na hapo hakuna tena wa kujua chaki ilisema nini. Hilo sikuwa nimelifikiria mpaka mwaka huu.

Mwalimu mkuu wa shule anayosoma mwanangu wa kwanza alitaka bango jipya la getini. Siku hiyo nilimpelekea wifi chai, mdogo mgongoni. Nikamkuta mwalimu mkuu kapanda ngazi, suti na yote, anaandika kwa chaki, kwa Kiingereza, kwamba shule ina walimu waliosomea. Akashuka, akarudi nyuma, akaona hilo neno "waliosomea" halijang'aa vya kutosha. Akapanda tena, akalifunga kwa alama za kunukuu mbele na nyuma. Aliposhuka alijipangusa mikono kwa kitambaa cha wifi bila kuomba. Niliona vizuri, maana mwanangu alikuwa anaililia ile chaki.

Wifi akapaka kama alivyoandikiwa. Wiki haijaisha, watu wakawa wanapita getini wanacheka. Karani mmoja wa mahakama, mzazi mwenzetu, ndiye aliyetueleza: kwa Kiingereza, neno moja ukilifunga hivyo ni kama umetanguliza "eti". Eti walimu waliosomea. Watoto nao wakadaka. Mwalimu akiingia darasani, huko nyuma mtu ananong'ona, "Eti."

Ukaitishwa mkutano wa wazazi pale uwanjani. Mwalimu mkuu hakuzunguka. Alisema bango limeharibiwa na fundi asiye na shule, akamtaja Brashi, akawashauri wenye maduka waangalie wanampa nani kazi. Wifi mwenyewe alikuwa amesimama getini na makopo yake, maana ameitwa aje kusahihisha. Watu wakageuka kumtazama kama mtoto aliyejikojolea.

Mimi si msemaji, mikutanoni hukaa nyuma na mtoto wangu wa kunyonya. Lakini mtu amwagiwe unga wake mchana kweupe, nami nimekaa natazama? Nikasimama.

"Mwalimu, chaki uliishika wewe. Nilikuwepo."

Akaniambia, kwa sauti ya kubembeleza kitoto, mama keti unyonyeshe, mambo ya Kiingereza yana wenyewe. Wako waliocheka. Mpaka leo nikikikumbuka kicheko kile nasonya peke yangu jikoni.

Wifi hakubishana. Aliegemeza ngazi, akatoa kipande cha chaki kwenye aproni, akampelekea mwalimu mkuu mpaka mezani.

"Sawa baba. Niandikie unavyotaka iwe, kama siku ile. Leo tuone wote."

Mwalimu mkuu aliitazama ile chaki kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake na nepi imejaa. Kisha akasema ana wageni ofisini, akaondoka.

Wifi akapanda, nikamshikia ngazi. Nilidhani atafuta zile alama. Hakuzigusa. Alipaka bluu ya ubao juu ya jina lake pale kwenye kona, taratibu, mpaka ule mkia ukamezwa.

"Wifi, jina lako unalifuta la nini tena?"

"Bango lina mwenyewe," akasema. "Jina langu siazimishi."

Mwenye bucha aliyekuwa amemwahidi kazi akaipeleka kwingine. Mke wa karani akaleta yake. Na bango bado lipo, na eti yake. Hajaja mtu kuifuta, wala hajaja mtu kumwomba wifi radhi. Kila asubuhi nikimpeleka mwanangu naona kile kiraka cha bluu, kilichokolea kuliko ubao wote, na salamu ya mwalimu mkuu naiitikia kwa ajili ya mtoto tu.