Mlango wa Ubavuni

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, ilianza na sauti ya pete ya mlango ikigonga mbao. Ko, ko, ko. Nilikuwa nimeinamia taipureta, nimeupa ukuta mgongo, natafuta neno la kumweleza mkulima jambo ambalo watu wa ofisini walilizungusha mno. Nikanyanyua kichwa. Katika chumba kile hakuna aliyewahi kunigongea. Mlango wa ubavuni, huu mfupi unaotuinamisha sote, haukuwa mlango wa kugongwa. Ulikuwa wa kusukumwa. Nikasikiliza, kama mtu aliyeitwa jina lake kwa sauti ngeni.

Nitakwambia ni nani aliyegonga, ila nivumilie kwanza. Jana uliponionyesha mchoro wako kwenye simu, meza hapa, rafu pale, na ukuta mweupe mahali penye mlango huu, sikukasirika. Nilijiona mimi nikiwa na umri wako. Unafanya kazi na watu walio mbali, wanakuona na kukusikia kwa kompyuta, na mtoto wa jirani akilia unaona haya. Naelewa. Ukaniambia, "Shangazi, huu ni mchoro wa mwanzo tu." Hata wangu ulikuwa wa mwanzo.

Wazee waliojenga nyumba hizi mbili hapa Mambrui waliacha mlango katikati ili wanawake wapitiane bila kutoka njiani. Enzi zile upande wa pili alikaa Bi Rukia na mumewe, Mzee Shee. Upande huu tulikuwa mimi na Mama, marehemu nyanya yako. Nilikuwa nimeacha kwenda Malindi kila siku kwa ajili ya Mama, miguu ilikuwa imeanza kumsumbua, na maofisi yakakubali kunipa maandishi niyafasiri nyumbani. Nikaweka meza chumba hiki hiki, nikadhani kazi imekaa.

Haikukaa. Bi Rukia alipita humu kutwa. Anakuja na bakuli la mchuzi lililofunikwa kwa kawa, anarudi na ndimu. Amesahau kuuliza mguu wa Mama umeamkaje, anageuka. Mimi huku nimelisaka neno tangu asubuhi, ndiyo kwanza nilikamate, mlango unalia kwenye bawaba na neno linaruka kama kunguru aliyeona jiwe. Nilimpenda Bi Rukia, usinielewe vibaya. Lakini mapenzi na kazi vikikaa chumba kimoja, kimoja kitamkanyaga mwenzake mguu.

Basi nikapanga ofisi. Nilipanga vizuri, mwanangu, hata leo najisifu. Plasta iliyokuwa ikibambuka kwa chumvi ibanduliwe yote, ipigwe mpya. Dirisha la uani lipanuliwe, upepo uingie. Waya za umeme zipite juu, mbali na unyevu. Rafu ishike ukuta mzima wa ubavuni, na ili ishike, mlango uzibwe. Fundi Karisa wa Gongoni akaja na futi yake, akapima, akachora kwa chaki. Matofali yakashushwa uani.

Mama alikuwa pale kibarazani anachambua mchele. Aliniachia niseme yote, kisha akauliza Bi Rukia atapita wapi. Nikamjibu atapita njiani, kama watu. Tena nikaongeza, kwa ule ujuaji wa msichana aliyesoma, kwamba hata wahenga walisema nyumba njema si mlango.

Mama hakuinua macho kwenye ungo. "Ni kweli. Basi kesho ingia kwa ukutani, tukutazame."

Karisa alicheka hata futi ikamponyoka. Mimi nikanuna. Kicheko kilipoisha Mama akasema, kwa sauti ya chini, "Na siku asiyoweza kupita njiani?"

Nikadhani anazungumzia miguu. Nikamwambia Bi Rukia anatembea kutushinda sote. Mama akanitazama kidogo, akafungua mdomo, akaufunga, akarudi kwenye mchele wake. Niliona nimeshinda. Kumbe kuna jambo lililokuwa mdomoni mwake, na adabu ndiyo iliyolizuia.

Siku ya pili ndipo pete ilipogonga.

"Hodi ofisini," ikasema sauti ya Bi Rukia.

Nikamwambia apite, kwani tangu lini anabisha hodi? Akasukuma mlango, akainama, akasimama kizingitini. Hakuingia. Alikuwa akitabasamu, na mkono wake mmoja umeshika ncha ya leso. "Sijaja kukaa, mwanangu. Nimesikia mlango unazibwa, nikasema nije nipite mara moja, miguu iage." Akaniombea kazi yangu iwe ya heri. Akasema chumba kitapendeza, na nisijitie unyonge kwa ajili yake, njia ni pana. Hakukuwa na uchungu katika maneno hayo, nami hilo ndilo lililoniuma.

Kisha akaweka kiganja ukutani, juu ya chaki ya Karisa. "Matofali yakishapanda," akasema, "nikigonga hapa usiku, utasikia?"

"Ugonge kwa nini, Bi Rukia?"

"Basi tu."

Nyuma yake, upande wa pili, Mzee Shee alikohoa. Kile kikohozi kirefu tulichokuwa tumekizoea, cha mtu asiyetoka kitandani tena. Bi Rukia aligeuza uso kwa upesi, akangoja mpaka kikatulia.

Hapo nikafahamu ni usiku gani aliouhofia. Wanawe wote walikuwa Kibarani, kule Kilifi, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Nikafahamu na lile la Mama. Mwanamke akifiwa na mumewe hukaa eda, miezi minne na siku kumi, hatoki kuzurura njiani. Mchana mtu huweza kupita kwa jirani wa kike, amalize upweke wake, na mlango kama huu ndiyo njia yake pekee. Mama aliliona hilo. Lakini nani atataja eda ya mwanamke ilhali mumewe angali anapumua? Mkewe hataji. Jirani hataji. Mama alinipa nusu ya neno akitaraji nusu ya pili niipate mwenyewe.

Nikanyanyuka. Palikuwa na kitambaa chenye maji nilichofutia meza, nikafuta chaki, ile ya juu na ile ya kando, mpaka ukuta ukabaki na doa la unyevu. "Hutagonga, Bi Rukia," nikamwambia. "Utasukuma, kama siku zote."

Alirudi kwake upesi, akaniacha na kitambaa mkononi.

Karisa alipokuja tuligeuza mchoro. Meza ikaelekea dirishani, rafu ikapanda ukuta wa kaskazini, na yale matofali yakajengewa kibaraza kifupi kando ya mlango, hiki unachowekea mkoba wako. Bawaba zikatiwa mafuta. Na mimi na Bi Rukia tukawekeana ishara: nikitundika leso kwenye pete ya mlango, nina neno gumu, na apite kimya. Alijitahidi, Mungu amrehemu. Alikuwa akipita akinong'ona kwa sauti ya kusikika msikitini.

Mzee Shee alifariki kabla ya mwaka kugeuka. Wanawe walikuja, wakazika, wakakaa matanga, wakarudi kwenye kazi zao, maana kazi hazingoji. Kila asubuhi Bi Rukia aliinama mlangoni akiwa na nguo zake nyeupe za eda, akaketi kwenye kibaraza hiki, akasuka ukili wa mkeka. Mimi nilikuwa naogopa kumuudhi kwa kelele za taipureta. Siku moja niliacha kuchapa kwa heshima yake.

"Usiache," akaniambia, vidole vyake vikiendelea na ukili. "Kukiwa kimya namsikia akikohoa."

Nikachapa, mwanangu. Siku ile nilichapa hata kurasa ambazo hazikuhitaji kuchapwa. Mimi niliyetaka kujenga ukuta nipate ukimya, kelele yangu ndiyo iliyokuwa dawa ya mtu.

Sikwambii usitengeneze ofisi. Tengeneza, na uitengeneze vyema, kwani riziki yako imo humo. Ila kabla hujamwita fundi, kaa chumbani kutwa nzima mikono mitupu, uone nani anapita na anapita kwa sababu gani. Kisha uliza, na ukipewa nusu ya jibu usidhani umeshinda. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hawakutuamuru tuzibe kila palipo wazi. Tundika pazia zito. Piga kitambaa pembezoni mwa mlango, sauti itapungua. Geuza meza. Waambie majirani saa zako za kuzungumza na wale wa mbali, utashangaa watu wanavyoweza kunyamaza wakiombwa.

Upande wa pili kuna mke wa mjukuu wa Bi Rukia. Ni mzazi, arobaini yake haijatimia, na yeye pia hatoki njiani. Uji wake nimeuweka tayari, mpelekee ungali moto. Mungu akupe kazi isiyokwisha na jirani asiyechoka nawe. Akupe sikio la kusikia yasiyosemeka. Chumba chako kiwe na nuru, na kila anayeinama kuingia humo atoke ameinuka.

Inama, usigonge kichwa. Ndivyo. Nausikia mlango ukijifunga nyuma yako, na sikusikia komeo likitiwa.