Mbegu Safi za Gikundamvura

Siku yangu ya kwanza kazini, katika depo ya mbegu kule Nkanka, shefu wa depo alinishika mkono akautumbukiza wote ndani ya gunia la maharagwe. Nilipoutoa, vidudu vilikuwa vikinitambaa mpaka kwenye kiwiko. Yesu! Niliruka.

"Ile njo imungu," alisema huku anacheka. "Inakula mbegu kwa ndani. Ule ni adui yako mpaka pensheni."

Basi akanifundisha. Tulianika maharagwe kutwa nzima juu ya manjanja, yaani mabati ya kuezekea, ili imungu ishindwe na joto. Kisha tuliyachanganya na majivu makavu yaliyochekechwa, tukajaza bidoni, yaani madumu, hadi shingoni na kukaza kifuniko, kidudu kikose hewa. Dawa za dukani hatukugusa. Pale Nkanka, kwa upepo baridi wa ziwa, mbegu zilitoka nzima na zikaota.

Baadaye tulihamishiwa Gikundamvura, mimi na shefu wangu. Mnaopajua mnajua joto la kule chini bondeni. Yeye hakubadilisha kitu: manjanja yale yale, kutwa nzima. Bati lilichoma vidole, naye akafurahi.

"Huku imungu itakufa mbio!"

Na kweli ilikufa. Tulipofungua bidoni kabla ya mvua, hakukuwa na punje hata moja yenye tundu. Watu waliokuja kuchukua mbegu walitupigia makofi.

Maman Nsimire, mjane aliyerudi kutoka Bukavu na watoto wake, alikuwa na shamba moja tu la kuwalisha. Maharagwe yake mwenyewe yalikuwa yametobolewa na imungu, akayaficha kwa haya, akapanda yetu. Mvua ikanyesha vizuri. Shamba likabaki udongo mtupu. Kwa kukata tamaa, akafukia yale ya matundu nyuma ya jiko, na siku chache baadaye akatuita.

Shefu alifukua shambani kwa kidole. Punje nzima, safi, imelowa, imekufa. Akafukua nyingine, na nyingine.

"Eh Mungu wangu! Tuliyapika kwenye manjanja!"

Nilikaa kwenye matope na suruali yangu ya kazi. Maman Nsimire hakutupigia kelele. Alituongoza nyuma ya jiko, na pale, wallahi, maharagwe ya matundu yalikuwa yameota. Si yote, na mengine yalikuwa dhaifu, lakini yalikuwa kijani.

Tangu hapo mpaka nilipostaafu, nilianika mbegu kwenye mkeka kivulini. Vijana mkiniuliza kuhusu imungu, nawaambia majivu ni mazuri, bidoni ni nzuri. Ila kabla hujampa mtu mbegu, funga konzi moja kwenye kitambaa kibichi, uone kama inaota. Mimi bado namsikia yule mama, akitutazama pale nyuma ya jiko lake:

"Imungu ilinibakishia kidogo, ba Papa. Nyinyi mulimaliza yote."