Mlezi Asiwe wa Ukoo

Mama mkwe wangu, Elmina, alizaliwa upande wa Ndanai na akaolewa huku kwetu karibu na Kaplong, na katika maisha yake hakuwahi kulipwa hata senti kwa kazi ya mikono yake. Alikamua ng'ombe wa mumewe, akapalilia mahindi ya mumewe, akachuma chai iliyoandikwa jina la mumewe. Mzee alipofariki, chai ikahamia jina la mwanawe, Aron, ambaye ndiye mume wangu. Watu walimwita Bot Aron, yaani mama yake Aron, kwa kuwa huyo ndiye mtoto pekee aliyejaliwa. Ukimwita Elmina alikuwa anageuka kutafuta ni nani anayeitwa.

Nasema haya mapema usije ukadhani nilimchukia. Nilimwonea wivu. Wivu na chuki si kitu kimoja, ingawa ni majirani wanaoombana chumvi.

Aron alikuwa utingo wa lori, akija nyumbani mara moja kwa mwezi, akiwa na usingizi mwingi kuliko maneno. Chai yetu ilikuwa kipande kidogo tu, kwa hiyo mimi nilikuwa nachumia kampuni ng'ambo ya mto. Binti yetu Janeffer alipofikisha miezi mitatu nilimwacha kwa Bot Aron, nikajifunga epuroni, nikarudi kazini. Nilikuwa natoka kabla umande haujakauka na kurudi baada ya mizani ya jioni, majani yakishapimwa. Bot Aron alimlea kama mwenye kulipa deni. Alimfunga mgongoni akienda kisimani, akampa mursik, maziwa yetu ya kugandisha kibuyuni, kwenye kikombe cha bati, akalala naye. Mtoto akaanza kusema, na neno lake la kwanza likawa "kogo", yaani nyanya.

Mimi nilicheka na wengine. Halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikalia.

Nilidhani mambo yatabadilika akikua. Hayakubadilika. Akianguka, alikuwa ananipita mlangoni akikimbilia kwa kogo. Siku moja nilimnunulia viatu vyekundu sokoni Kaplong, nikaviweka ndani ya kikapu cha chai visilowe na mvua. Nilipompa, alivitazama, akavikumbatia, akampelekea nyanya yake amvishe. Nyanya naye alimvisha pole pole, kifungo kimoja kimoja, na nikaona kabisa kwamba anafurahi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, husema watu. Mimi niliyezaa nilikuwa nimesimama pale na mikono mitupu.

Mwaka wa tisini na saba, Janeffer akiwa na miaka minne kasoro, chifu akaitisha baraza. Aliyesimama kusema alikuwa afisa mmoja kutoka Kisii, Bwana Mogaka, mtu nadhifu mwenye kalamu mbili mfukoni. Akasema serikali inajaribu mradi mpya katika lokesheni yetu. Mama anayekwenda kazini akimpeleka mtoto kwa mlezi wa kulipwa, serikali itamlipa mlezi ile ada, na mtoto atapata unga wa uji kila mwezi. Lakini mlezi awe na choo kizuri, awe na maji ya kunywa yaliyofunikwa, na asiwe wa ukoo wa mtoto.

Bot Aron akanyoosha mkono. "Kwa nini asikuwe wa ukoo?"

"Mama, kama ni ukoo, si tayari analea? Serikali haiwezi kulipa mtu kwa kupenda mtoto yake."

Watu wakacheka. Bot Aron hakucheka. Alikaa chini, akavuta leso mabegani.

Mimi nilikuwa tayari nimeamua. Katika zile laini, nyumba za safu za wafanyakazi wa kiwanda cha chai, aliishi Eucabeth, mke wa fundi Obiero, mama mnene mcheshi kutoka upande wa ziwa, aliyekuwa akilea watoto wanane nyumbani kwake. Tulimwita Mama Okello. Alikuwa wa kwanza kuandikishwa. Nilimwambia mama mkwe kwamba nampeleka Janeffer huko kwa sababu ya unga. Hilo lilikuwa nusu ya ukweli. Nusu nyingine nilikuwa nimeimeza.

"Kwa hivyo serikali inalipa mtu ingine alee mtoto yangu," alisema Bot Aron, "na mimi niko hapa, mkono yangu haijakatwa."

"Ni unga tu, Mama."

"Kwani hapa alilala njaa siku gani?"

Jumatatu nilimpeleka.

Ungemwona mama mkwe wiki zile! Kila siku alikuwa na sababu ya kupita karibu na laini. Mara anatafuta kuku aliyepotea, mara anakwenda kuuza maziwa kwa mtu ambaye hajawahi kununua maziwa yetu. Anasimama kwenye ua wa Mama Okello, anahesabu watoto, anatafuta wake. Jioni alikuwa anamkamata Janeffer na kumnusa kichwani kama ng'ombe anayenusa ndama. "Ananuka omena," anasema, yaani dagaa wa ziwani. Siku moja mtoto alikunywa uji, akapangusa mdomo, akasema "ber", neno la Kijaluo la kusema kitu ni kizuri. Bot Aron akainuka akaenda kukaa zizini na ng'ombe hadi chakula kikapoa.

Nilimcheka moyoni. Nilijiambia kwamba sasa ameonja kile nilichokula miaka yote minne. Nikangoja Janeffer anigeukie mimi.

Hakugeuka. Asubuhi akawa wa kwanza kuamka, anatafuta viatu vyake, anauliza kama kwa Mama Okello kumekucha. Jumapili alikuwa analia kwa kuwa hakuna kwenda. Nilipokwenda kumchukua jioni alikuwa anashika mguu wa meza. Mama Okello naye, mtu wa watu, alimbembeleza akimwita mwanangu kwa Kijaluo, "Enda na mama, nyathina, kesho utarudi," na mtoto alitii kwa sababu ni yeye aliyesema. Nilimshukuru kwa mdomo. Moyo wangu ulitaka kumkwaruza uso. Nilikuwa nimeruka majivu nikakanyaga moto.

Basi wanawake wawili wenye wivu, wa nyumba moja, tukajikuta upande mmoja. Bot Aron alinijia jikoni siku moja nikichambua mboga.

"Bot Janeffer," aliniita, na hakuwa na kawaida ya kuniita hivyo, "kama mimi nikiandikwa mlezi, utanirudishia huyu mtoto?"

"Mama, walisema asiwe wa ukoo."

"Wewe niambie tu, utarudisha?"

Nilimfikiria Mama Okello na ule mguu wa meza. "Nitarudisha," nikasema.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mama yule, na magoti yake mabovu, aliuza mbuzi wawili akachimbiwa choo kipya chenye mlango wa mabati. Alinunua ndoo ya mfuniko kwa ajili ya maji. Aliwatafuta watoto wengine wawili wa wachumaji ili aonekane mlezi kweli. Alikata kucha zake na za watoto. Usiku wa maisha yake, kama alivyosema mwenyewe, ndio alikuwa anaanza kutafuta kazi. Nilimwona akifagia kiwanja mara tatu kwa siku moja, na nikahisi kitu kama huruma, lakini kilipita.

Mogaka alikuja akakagua choo na ndoo, akaridhika. Yaliyobaki yalikuwa ya ofisi ya chifu: mzazi, mlezi na mtoto wafike pamoja, wajibu maswali, watie sahihi. Tulikwenda siku ya Alhamisi asubuhi. Chifu mwenyewe, ambaye angetutambua, alikuwa ameenda mazishini, na nadhani Bot Aron alijua hilo alipochagua siku. Mogaka hakujua nani ni wa nani, na majina yetu hayasaidii, kila mtu ana lake. Njiani mama mkwe alimshika Janeffer mkono. Mimi aliniambia jambo moja tu: "Wewe usiseme mengi."

Tulikaa kwenye benchi. Janeffer alisimama katikati ya magoti ya nyanya yake, amejifunika na ncha ya leso yake kama alivyozoea. Mogaka alisoma maswali, akiandika. Jina. Umri. Ana watoto wangapi anaowalea. Amewahi kuugua kifua kikuu.

"Huyu mtoto ni wa ukoo wako?"

"Hapana," akasema Bot Aron.

Mogaka akainua macho. Alimtazama mtoto aliyejifunika leso. "Si mjukuu?"

"Si mjukuu. Ni mtoto ya jirani. Mimi simjui sana, namwonanga akipita tu."

Alisema kwa sauti kubwa, kama mtu anayejibu kanisani. Nilimwona Janeffer akigeuza kichwa kumtazama kutoka chini. Hakulia. Alimtazama tu, akingoja acheke, kwa maana walikuwa na michezo yao ya kudanganyana, na mwisho wa kila mchezo kogo alikuwa anacheka. Kogo hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye ile kalamu.

"Kwetu ukoo si jambo ya kukataa hivi hivi," Mogaka akasema pole pole, kwani naye pia alikuwa na ukoo wake huko Kisii. Akanigeukia. "Mama, ni kweli? Huyu hamna uhusiano na yeye?"

Ningeweza kusema lolote. Ningeweza kusema, "Bwana Mogaka, huyu ndiye nyanya wa huyu mtoto, na kama kuna haki duniani angelipwa kwa miaka minne iliyopita." Ningeweza hata kunyamaza, kama nilivyoagizwa. Lakini nilimwona mtoto wangu ameshika ile leso, na miaka yote minne ikanirudia, viatu vyekundu na vyote.

"Ni kweli," nikasema. "Mtoto ni wangu. Huyu si kitu kwake."

Sikuhitaji kuongeza yale ya mwisho. Bot Aron alinitazama mara moja. Alijua. Wanawake wawili wakionea wivu kitu kimoja hawafichani kitu.

Janeffer aliiachia leso. Akavuka ile nafasi ndogo kati ya magoti yake na yangu, akapanda mapajani mwangu, akaficha uso kifuani. Tangu aache kunyonya hakuwahi kuja kwangu hivyo akiwa na uchungu. Nilimkumbatia na nikasikia raha, Mungu anisamehe, raha ya mtu aliyekunywa maji baada ya mizani ya jua kali. Upande wa pili wa benchi mama mkwe alichovya kidole gumba kwenye wino akakibonyeza kwenye karatasi. Mogaka akampa kadi ya mlezi. Ilikuwa mara ya kwanza jina Elmina kuandikwa mahali kama mtu wa kulipwa.

Jumatatu nilimpeleka Janeffer kwake. Ni hatua ishirini tu kutoka mlango wangu hadi wake, lakini kwa sababu ya kadi tulizunguka kwa lango, kama wageni. Bot Aron alikuwa amesimama pale tangu mapema, amevaa gauni la kanisani, wale watoto wengine wawili nyuma yake. Alifungua mikono.

"Njoo, mama yangu. Njoo kwa kogo."

Janeffer alijibana kwenye sketi yangu. Wale watoto wengine walisalimu, naye akasalimu kama wao, kwa adabu, bila kusogea: "Habari ya asubuhi, Bot Aron."

Mikono ya mama mkwe ilibaki wazi kidogo, halafu ikashuka. Nilishika kikapu changu nikaondoka haraka.

Nilichuma mistari miwili. Majani yalikuwa mazuri siku ile, mvua ilikuwa imenyesha, na wenzangu walikuwa wanaimba. Nilijaribu kufurahi. Nilijiambia kwamba sasa akiumia ananijia mimi, akiota ndoto mbaya ananijia mimi, na kwamba hicho ndicho nilichoomba. Kila nilipojiambia hivyo niliiona ile mikono ikishuka. Kabla ya mizani ya kwanza nilimpa mwenzangu kikapu, nikamwambia supavaiza naumwa tumbo, nikavuka mto.

Niliwakuta uani. Watoto wawili walikuwa wanacheza na vifuniko vya soda. Janeffer alikuwa amekaa peke yake kwenye ngazi, na Bot Aron amekaa mbali kidogo, kikombe cha bati mkononi, maziwa hayajaguswa. Hakuwa na wivu tena usoni. Alikuwa mzee tu.

Nilichutama mbele ya mtoto wangu. "Janeffer, nisikize. Huyu ni kogo yako. Ni mama ya baba yako. Siku ile kwa ofisi ilikuwa uongo, ya karatasi tu."

Alimtazama nyanya yake, akanitazama mimi.

"Yeye alisema hapana," akasema. "Na wewe ukasema ni kweli."