Zarghuna na Behewa la Mbele

Hosai alikuwa amekwisha kuvaa koti. Mama yake, Zarghuna, akamvua palepale mlangoni, kama alivyomvua alipokuwa mdogo. Binti alitaka kumsindikiza hadi uwanja wa ndege kwa sababu ni siku ya kwanza ya kazi ya mama, ingawa shuleni kwake kulikuwa na mtihani wa hesabu. Zarghuna alikataa. Kazi ilikuwa ya kuosha vyombo katika jiko la uwanjani, na mkuu wa jiko, Bibi Aigner, alikwisha kumwambia kwamba anayechelewa siku ya kwanza asijisumbue kuja ya pili. Lakini si huyo aliyemkosesha usingizi. Aliona kwamba akishindwa kwenda peke yake leo, kesho mtoto ataacha tena darasa amshike mkono, na kesho kutwa vilevile.

"Mbona mapema hivi?" Hosai akamtania. "Utafika ndege bado zimelala."

"Nitaziamsha," Zarghuna akasema, akafunga mtandio.

Kituo cha treni cha mtaani kwao, Moosach, alikijua. Jumapili walikuwa wamefanya mazoezi, Hosai mbele, yeye nyuma akitazama kila kitu: tikiti hugongwa mhuri kabla ya kupanda, mlango haufunguki mpaka ubonyeze kitufe, wakaguzi huvaa kama abiria wengine. Yote aliyakumbuka. Treni iliposimama, miguu ikampeleka behewa la mbele kabisa bila kumwuliza. Kabul alikotoka, ndani ya basi mwanamke hukaa mbele na wanaume nyuma, na mabasi ya maisha mazima hayafutiki kwa Jumapili moja.

Akakaa karibu na mlango, mkoba mapajani, akisoma majina ya vituo kwa midomo. Kabla ya kituo cha Neufahrn kitu kikaanza kumsumbua. Jumapili masanduku ya wasafiri yalijaa hadi njiani. Humu hamkuwa na sanduku hata moja, ila wanafunzi na bibi mmoja mwenye mbwa. Treni ikasimama Neufahrn, ikakawia, kukasikika mshindo huko nyuma, milango ikafungwa. Wakati huo ndipo alipopata ujasiri wa kumwuliza yule bibi, kwa Kijerumani chake cha kuchechemea, kama hii inakwenda uwanja wa ndege.

"Aa, mama, iendayo huko ni nusu ya nyuma ya treni. Wameikata hapo tulipotoka. Sisi twaenda Freising." Bibi akamwona uso ulivyobadilika. "Usijilaumu. Mume wangu kazaliwa hukuhuku, na bado alipelekwa Freising na masanduku yake, ndege ikamwacha."

Zarghuna akatoa simu. Jina la Hosai lilikuwa juu kabisa. Angepiga, mtoto angeacha mtihani akaja mbio. Akairudisha mkobani, akafunga zipu.

Alishuka kituo kilichofuata, mashamba matupu pande zote, akavuka akasimama upande wa pili akipigwa na upepo. Akahesabu dakika; zilikuwa bado zinatosha. Sasa alijua kwa nini ametoka nyumbani mapema vile: moyo wake haukuwahi kuamini kwamba safari itakwenda sawa, na safari hii moyo ulimfaa. Treni ya kurudi ikaja. Neufahrn akangoja tena, na treni nyingine ya kutoka Moosach ilipoingia akayapita mabehewa ya mbele yote, akichungulia dirisha baada ya dirisha, mpaka alipoona masanduku. Kiti kilichobaki kilikuwa katikati ya wanaume wenye mizigo. Akaomba radhi, akakaa.

Bibi Aigner alikuwa mlangoni mwa jiko, akitazama saa ya ukutani; zilibaki dakika chache. Akamtazama Zarghuna, mtandio umekwenda upande, akihema.

"Nani amekuleta?"

"Nimekuja peke yangu."

Akampa aproni.

Jioni Hosai aliuliza safari ilikuwaje. Zarghuna akasema nzuri, naye akataka habari za hesabu. Asubuhi iliyofuata, pale Moosach, alilitembea jukwaa lote mpaka mwisho wake wa nyuma, akasimama kati ya watu wenye masanduku.